Nani Anampa Jackton Maneno?

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza, na dishi la Jackton limekataa kushika mpira. Mume wangu Okumu alikuwa ameshavaa jezi kwenda kutazama mechi kwenye kibanda cha vidio kule mtaa wa Jericho. Nikamfuata, kwa sababu kubaki nyumbani Makongeni peke yangu chini ya paa linalovuja si starehe. Tulikuta mabenchi yamejaa wanaume waliokasirika. Jackton, mwenye kibanda, aliona hatari ya kuvunjiwa viti, akaweka filamu ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti. Midomo inafunguka, neno halitoki.

Kwa Jackton hilo si shida. Kazi yake ni kushika maikrofoni na kuzifanya filamu za Wachina na Wazungu ziongee Kiswahili cha Jericho. Zile nyingine angalau hufuata kinachosemwa. Hii haina kinachosemwa, kwa hivyo alijisemea apendavyo. Kuna kijana mwembamba ameajiriwa kiwandani kufunika mikebe inayopita kwenye mkanda. Jackton akamwita Kibarua. Kuna bosi wa masharubu anayetembea ameshika saa. Huyo akamwita Bwana Saa. Kibarua anapiga chafya, mkebe mmoja unapita bila kifuniko, na kutoka hapo kiwanda kizima kinapinduka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu Bwana Saa akamwinamia Kibarua, masharubu yakitikisika, na Jackton akasema kwa sauti nzito: "Kijana, ukichoka, geti halijafungwa."

Kicheko kilinikauka. Hayo ni maneno ya Njogu, supavaisa wetu kwenye kiwanda cha sabuni. Huyasema kila siku, kwa sauti hiyo hiyo, mikono ikiwa nyuma. Jackton hajawahi kukanyaga kiwanda chetu. Sasa nani amempa?

Haya nayaandika, siyasemi. Sijui nani anasikiliza.

Jumatatu, 24 Machi

Okumu amekunywa chai bila kuniangalia usoni. Nimeliona hilo.

Jumatano, 26 Machi

Mezani kwetu tuko wanne. Tunafunga miche ya sabuni kwa karatasi na kuipanga kwenye boksi. Kuna Luseno, ambaye hawezi kuacha neno lipite bila kulitania. Kuna Maurine, mwenye mtoto mdogo na macho ya usingizi. Kuna Fowsiya, msichana mgeni aliyeingia Januari, mkimya kupita kiasi. Sasa anafunga Ramadhani, na wakati wa chakula hukaa kwenye kibaraza, karibu kabisa na mlango wa Njogu. Na mimi, ambaye wananiita Mama Sylvance.

Mikataba yetu inaisha mwisho wa Mei. Nikikosa mwingine, nyumba yetu haina mshahara. Pensheni ya reli ya Okumu huja inapojisikia kuja. Kwa hivyo sitaki maneno ya Njogu yazagae Jericho halafu yafuatwe mpaka mezani kwetu.

Nimewaza. Mtu ninayemsimulia mambo ya kazini kila jioni ni mmoja tu, na mtu huyo hushinda kwa Jackton. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia leo Okumu hapati habari, anapata ugali tu.

Ijumaa, 28 Machi

Okumu ameuliza kama naumwa. Nimemwambia koo.

Jumapili, 30 Machi

Mvua, hakuna mpira, filamu ile ile. Safari hii watu wenyewe ndio walioiomba. Kibarua alikimbilia chooni kuvuta sigara, Bwana Saa akagonga mlango, na Jackton akasema: "Choo si hoteli! Unalala huko?"

Luseno aliambiwa hivyo Alhamisi. Okumu hakujua, maana wiki nzima sikumwambia neno. Basi si yeye. Nimempikia samaki wa kupaka jioni hii, na sikumweleza kwa nini. Yeye naye alinitazama kwa shaka, akala.

Jumanne, 1 Aprili

Fowsiya ametuletea halwa ya Idi. Ni tamu. Nilikula huku nikijiuliza anataka nini.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo Luseno ametuharibia. Njogu alikuja mezani, akasimama nyuma ya Maurine, akasema, "Maurine, ukichoka..." Kabla hajamaliza, Luseno akamalizia kwa sauti ya Jackton, sauti ya kwenye maikrofoni kabisa: "...geti halijafungwa!"

Laini nzima ilicheka. Hata wale wa laini ya pili walicheka, na kumbe nao huenda Jericho. Njogu hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Hiyo mmetoa wapi?" Nilikuwa nikizitazama nyuso moja moja, na uso wa Fowsiya haukuwa umecheka.

Jumapili, 6 Aprili

Leo sikutazama filamu, nilitazama watu. Katikati ya filamu Fowsiya alitokea mlangoni, mtandio umelowa. Hakulipa, hakukaa. Alimwendea Jackton moja kwa moja, akamwinamia sikioni, akasema naye kwa muda. Jackton akatikisa kichwa, akacheka, na Fowsiya akatoka. Duka la shangazi yake Anisa limepakana na kibanda kile. Vinatenganishwa na mabati tu.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilirudi nyumbani nimechangamka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa nimegundua kitu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtoto wa Maurine amelazwa, kifua. Maurine alimfuata Njogu kuomba ruhusa ya nusu siku. Njogu alimjibu pale pale mezani, hakujali kama tunasikia.

"Maurine, kuna mashine tunaletewa. Unajua uzuri wake? Mashine haina mtoto mgonjwa."

Maurine akarudi mahali pake, akaendelea kufunga sabuni. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye karatasi, na karatasi ikilowa haishiki, kwa hivyo alikuwa anaifungua na kuanza upya. Nilitaka kumpiga Njogu kwa mche wa sabuni. Sikufanya kitu.

Jumapili, 13 Aprili

Jackton ameyasema. Neno kwa neno. Bwana Saa alimshika Kibarua ukosi, akaelekeza kidole kwenye mtambo mkubwa unaotoa moshi, na Jackton akasema taratibu, "Unaona hii? Mashine haina mtoto mgonjwa." Watu walicheka kidogo halafu wakanyamaza.

Maneno yale tuliyasikia watu wanne. Mimi sikuyatoa. Maurine hawezi kulifanyia mchezo jambo lile. Luseno siku hiyo alikuwa ameinama, hata yeye alishindwa kutania. Anabaki nani?

Jumanne, 15 Aprili

Njogu ameshajua. Alitusimamisha mbele ya boksi tupu, akasema, "Kuna mtu hapa anatoa maneno ya kampuni nje, tunageuzwa sinema. Baada ya Pasaka nitawaita mmoja mmoja. Asiyetaka kunisaidia, nami sitamsaidia mwisho wa Mei."

Nani alimpelekea Njogu habari za Jericho? Hilo nalo ni swali.

Jumatano, 16 Aprili

Luseno na Maurine walikuwa wakinong'ona. Nilipofika wakanyamaza. Nami nikajifanya nimefuata maji.

Alhamisi, 17 Aprili

Barabara ya kazini imekuwa mto. Nimevaa gambuti za Okumu. Hakuna anayekula na mwenzake sasa, kila mtu ana kona yake na kibakuli chake.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeitwa leo, mara tu baada ya chai.

Ofisi ya Njogu ni ndogo na ina joto la birika. Alinivutia kiti mwenyewe. Mimi ni sawa na dada mkubwa kwake, na kwa kawaida hukumbuka hilo pale tu anapotaka kitu.

"Mama Sylvance, wewe ni mtu mzima. Sitaki nikusumbue. Nipe tu jina moja."

"Sijaona mtu akitoa maneno, Njogu. Nikisema nimeona nitakuwa naongopa."

"Sijakuuliza umeona nini. Nakuuliza unashuku nani."

Nataka niandike jambo hili kama lilivyokuwa. Maisha yangu yote nimeshuku watu. Nashuku muuza maziwa, nashuku fundi wa paa, nimeshamshuku mume wangu kwa maneno ya filamu. Watu hunicheka, watoto wangu hunicheka. Sijawahi kuketishwa kitini na mtu mwenye cheo nikaulizwa, kwa upole, unashuku nani. Jibu lilikuwa limenijaa mdomoni tangu wiki mbili zilizopita.

"Fowsiya," nikasema. "Nilimwona na macho yangu akimnong'oneza Jackton."

"Unaona sasa? Hujanyonga mtu. Umesaidia kazi."

Akanifungulia mlango. Nilitoka nikapita karibu na Fowsiya aliyekuwa akiniachia njia. Aliniambia, "Pole na kazi, mama." Nikamjibu asante. Nilifunga sabuni mchana kutwa, na moyoni nilijiambia kwamba mkataba wangu umepona.

Jumatano, 23 Aprili

Fowsiya ameitwa, wa mwisho kati yetu wanne. Alikaa humo muda mrefu. Alitoka vile vile alivyoingia.

Jumapili, 27 Aprili

Sijui nianzie wapi. Tulienda kwa Jackton, mimi na Okumu, kibanda kimejaa mpaka watu wamesimama nje chini ya nailoni. Filamu ikafika kwenye mtambo wa moshi. Jackton akasema yale ya mtoto mgonjwa. Mwanaume mmoja wa mbele, mwenye ovaroli, akaruka kutoka kwenye benchi.

"Zii! Huyo ni buda wetu, bosi wa kule kiwanda cha mabati! Jackton, nani amekuambia mambo yetu?"

Mama mmoja nyuma yangu akamrukia. "Wa kwenu ametokea wapi? Huyo ni wa kwetu, kiwanda cha mkate! Hiyo ya mtoto mgonjwa niliambiwa mimi mwenyewe, mbele ya watu, hata miezi miwili haijaisha!"

"Mama, nakuapia, buda wetu husema hivyo kila siku. Hata hiyo ya geti ni yake."

"Ya geti ni ya kwetu!"

Wakaanza kugombana kweli kweli, wa mabati na wa mkate, na wengine wa kiwanda cha rangi wakaingilia, kila mmoja akidai Bwana Saa ni wake. Watu wanamgombania mtu wanayemchukia. Okumu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akaniinamia, akasema, "Hiyo ya geti sisi tuliambiwa karakana ya reli, hata Sylvance hajazaliwa."

Nikamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Mwezi mzima umeninunia."

Jackton akasimamisha filamu. Kibarua alibaki mdomo wazi ukutani. "Nyinyi mnapigania nini? Hakuna mtu amenipa maneno. Mkikaa hapo kila siku mnalia na mabosi wenu, mimi si kiziwi. Na hiyo ya mtoto mgonjwa, hiyo ni yangu. Mathe wangu alikuwa kiwanda cha nyuzi. Aliomba ofu ya siku moja, supavaisa akamwambia hivyo, akakuja jioni akaniambia. Huyo mtoto mgonjwa ni mimi."

Mabishano yaliisha. Yule wa mabati alikaa chini, akavua kofia yake, akaishika magotini.

Nilimfuata Jackton pembeni. "Na Fowsiya? Yule msichana wa dukani, huwa anakuambia nini?"

"Fowsiya wa Anisa? Huyo huwa anakuja tu kuniambia nipunguze sauti, shangazi yake anaswali."

Nilitembea mpaka Makongeni bila mwavuli. Okumu alikuwa nao, alikuwa akiniita, nami sikutaka anione uso. Nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nimeuza jina la mtoto wa watu, na hapakuwa na kosa lolote la kuuziwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nitaenda kwa Njogu niliondoe jina. Leo ana mkutano.

Jumanne, 29 Aprili

Leo alikuwepo. Sijaenda. Kichwa kiliniuma.

Jumatatu, 5 Mei

Sijaenda.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeenda. Sikukaribishwa kiti safari hii.

Nilimweleza yote: ya mabati, ya mkate, ya reli, ya mama yake Jackton. Nikamwambia kwamba maneno yale ni ya kila kiwanda. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza akikoroga chai.

"Kwa hivyo unataka nini, Mama Sylvance?"

"Nataka uondoe jina la Fowsiya."

"Jina si chenji, eti nikurudishie."

"Basi weka langu mahali pake."

Akatabasamu kidogo. "Lako ninalo tangu Aprili."

Nilirudi mezani. Nani amenitaja? Mawazo yangu yakamrudia Fowsiya yule yule. Aliitwa siku moja baada yangu, akakaa humo muda mrefu. Naandika hili ingawa linanichukiza: nilipofikiri kwamba naye amenitaja, nusu ya mzigo ilinitoka. Nikajiambia tuko sare.

Jumatano, 14 Mei

Fowsiya ameniamkia kama kawaida. Ni mnafiki kumbe, nikawaza. Nikamjibu kama kawaida, nami je, si mnafiki?

Jumanne, 20 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Dishi la Jackton limeshika mpira.

Jumatatu, 26 Mei

Mashine imefika. Imefunikwa nailoni, imewekwa hatua chache kutoka kwenye meza yetu. Luseno aliipigia saluti. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 30 Mei

Njogu alikuja mezani saa ya kutoka. Hakutuita ofisini, alisema hapo hapo, mikono nyuma.

"Luseno, Maurine, Mama Sylvance, kampuni inawashukuru. Mikataba yenu haitaendelea. Mashine inataka mtu mmoja tu wa kuiangalia. Fowsiya atabaki."

Luseno akapigwa na butwaa. "Fowsiya? Na si huyo ndiye..." Akajikatiza.

"Ndiye nini, Luseno? Malizia. Si wewe hupenda kumalizia?" Njogu akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi watatu wote mlinipa jina lake. Na Maurine alinipa majina ya meza nzima. Fowsiya nilimweka pale ofisini saa nzima, hakunipa hata moja. Mtu asiyeongea ndiye ninayemtaka kwenye mashine."

Maurine alianza kulia. "Mama Sylvance, niliogopa. Niko na mtoto. Niliwataja wote, hata sikuwa nafikiri."

Nilimshika bega. Ningemlaumu kwa uso gani? Kumbe aliyenitaja ni yule niliyemwonea huruma, na niliyemgeuza mnafiki hakunitaja. Luseno alikuwa anavua aproni, kamba imeingia fundo, akashindwa kuifungua, na mwishowe Fowsiya ndiye aliyemfungulia.

Nimemwambia Okumu yote jioni hii, tangu mwanzo. Akasema tutaishi. Sijui tutaishije.

Jumapili, 1 Juni

Nilienda dukani kwa Anisa asubuhi, wakati watu wako kanisani. Fowsiya alikuwa peke yake nyuma ya kaunta. Niliegemea pale.

"Fowsiya, mwanangu, nimekuja kukuambia kitu. Mimi ni mmoja wa waliokutaja."

"Najua. Njogu aliniambia siku ile ile, nikiwa ofisini."

"Tangu Aprili? Na ulikuwa ukiniamkia kila siku?"

"Sasa nisikuamkie? Wewe ni mtu mzima."

Nilimtazama nikitafuta hila, kama nilivyozoea. Niliona msichana aliyechoka, mwenye hasira, ambaye alikuwa ameishika hasira yake vizuri kuliko mimi.

"Kwa nini hukunitaja na wewe? Ulikuwa na haki."

"Si kwa ajili yako, mama. Usinishukuru." Alipanga biskuti zilizokuwa zimeshapangwa. "Nikiwa mdogo watu walikuja nyumbani kwetu, wakamwambia baba ataje jirani mmoja tu, watuache. Akataja. Mpaka leo baba hawezi kupita mbele ya mlango wa jirani yule. Huzunguka mtaa mzima. Mimi sitaki kuzunguka."

"Na kazi? Utaenda kesho?"

"Nitaenda. Shangazi ananitegemea. Nitakaa na mashine yao." Akaniangalia moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimjue. "Lakini niambie jambo moja. Tumekaa meza moja tangu Januari. Ulinisikia wapi nikiongea? Ulinisikia nikisema nini, mpaka ukajua ni mimi?"

Nilitafuta. Kwa kweli nilitafuta, nilirudi siku kwa siku. Habari ya asubuhi. Nisongezee karatasi. Pole na kazi. Karibu halwa. Zaidi ya hapo sikupata neno hata moja, na mtu pekee aliyekuwa akiongea kwa muda wote ule, kichwani mwake, usiku na mchana, alikuwa ni mimi.

"Sikukusikia ukisema kitu," nikamwambia. "Ndiyo maana nilikutaja."

Alichukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta kutoka upande wake, polepole, akaja akifuta mpaka pale nilipokuwa nimeegemeza mkono, akasubiri mpaka nikautoa.